Kiyoyozi kwenye gari la zamani hapa Dodoma: cha mtumba, seti mpya, cha umeme au cha maji?

Usiku mmoja wa Septemba niliweka tochi tatu ndani ya Land Rover langu, nikafunga milango yote, nikatoka nje kulizunguka. Lilikuwa linavuja mwanga kama chekecheke: pembeni mwa mlango wa nyuma, chini ya dashibodi pale pedali za breki na klachi zinapopenya, na kwenye matundu mawili ya boliti zilizopotea tangu enzi za baba mdogo. Nilihesabu sehemu kumi na saba. Wakati huo nilikuwa nimeshaulizia bei ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, na hela ya kuanzia ilikuwa mfukoni. Ikaenda yote kwenye mipira ya milango na silikoni.

Naanzia hapo kwa sababu kila anayeniuliza aweke AC ya aina gani kwenye gari lake la zamani huanza na habari za joto. Joto la Dodoma si la Dar es Salaam. Mji wetu uko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, hewa yake kavu, na ukikaa chini ya mwarobaini saa nane mchana wa Oktoba jasho linakauka kabla hujalifuta. Kinachokutesa garini ni vumbi. Ukifungua kioo unalila, ukifunga unaiva. Kwa hiyo mtu wa huku anaponunua kiyoyozi, hasa ananunua ruhusa ya kufunga vioo, na ubaridi ni nyongeza. Na kama gari lenyewe linavuta vumbi kwa nyuma, kama Land Rover zote za milango mitano zinavyofanya, kufunga vioo peke yake hakutakusaidia. Ziba kwanza.

Magari ninayoyafahamu kwa karibu ni mawili. Langu ni Series III ya inchi 109, injini ya petroli ya cc 2,286, ambayo ikiwa mpya ilitoa nguvu ya farasi sabini hivi. La pili ni Peugeot 504 ya shemeji, cc 1,971, gari ambalo wazee wa serikalini bado wakiliona wanapunguza mwendo kulitazama. Injini isiyo na tabo, kwa urefu huu wa Dodoma, inapoteza zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa sababu hewa ni nyepesi. Kompresa nayo ikishika inadai nguvu ya farasi tano hadi nane. Ondoa hizo kwenye sabini ambazo hazipo tena sabini, kisha jaribu kupanda Nyang'oro ukienda Iringa na abiria watano. Mimi huzima AC pale chini na kuiwasha nikifika juu, wala sioni aibu.

Mtumba au mpya

Hapa ndipo ugomvi wenyewe ulipo, maana ndizo njia mbili ambazo watu wengi wanaziweza.

Ya mtumba ni vifaa vilivyong'olewa kwenye gari la Kijapani lililopata ajali: kompresa, boksi la evaporeta (linalopooza hewa ya ndani) na feni yake, na muuzaji akikupenda anakuongezea kondensa (inayotupa joto nje) na mabomba. Seti mpya inakuja kwenye katoni: boksi la kuning'iniza chini ya dashibodi, kompresa ya umbo la Sanden, kondensa bapa, draya, mabomba unayoyakata mwenyewe kwa kipimo cha gari lako, na swichi zake. Marekani kuna kampuni zinazotengeneza seti za magari ya zamani tu, kama Vintage Air ya Texas iliyoanza mwaka 1976. Kwetu, inayofikika bila kuagiza mbali ni ya Kichina, ipitie Kariakoo ipandishwe basi.

Tuzilinganishe kipande kwa kipande, kwa sababu jibu halifanani kwa kila kipande.

Kompresa: hapa mtumba unaweza kushinda. Kompresa nzuri ya Denso iliyotoka kwenye Toyota inaweza kuishi kuliko mpya ya bei chee. Ila usiinunue kwa kuitazama. Zungusha shafti kwa mkono, pale mbele ya klachi yake kompresa: inatakiwa izunguke kwa uzito laini, bila kukwama wala kusaga. Kisha ifungue bomba, chovya kidole. Oili ikiwa safi, sawa. Ikiwa nyeusi na inameta chembechembe za chuma, irudishe mezani, maana chembe zile zitasafiri mpaka kwenye valvu na kuiziba. Angalia na puli. Magari ya karibuni yanatumia mkanda bapa wenye mifereji, wakati injini za zamani zina mkanda wa V. Mimi nilinunua kompresa safi kabisa, nikafika nayo nyumbani ndipo nikaona puli yake ina mifereji sita. Nilirudi kutafuta klachi yenye puli ya V na siku mbili zikapita.

Kwa anayenunua mpya ya umbo la Sanden, namba zinasomeka. 5H14 ni pistoni tano, cc 138 kwa mzunguko. 7H15 ni pistoni saba, cc 155. Muuzaji atakusukumia kubwa. Kwa hewa ya Dodoma ndogo inatosha, na sababu ni ya kimaumbile: pwani sehemu kubwa ya kazi ya AC inaishia kugeuza unyevu kuwa maji, yale yanayodondoka chini ya gari hata likawa kama limejikojolea. Huku kiangazi hewa haina unyevu wa maana, kwa hiyo nguvu karibu yote inakwenda kwenye kupooza hewa. Gari langu Oktoba linadondosha matone ya kuhesabu. Shemeji alidhani AC yangu haifanyi kazi mpaka alipoingia ndani.

Kondensa: mpya, bila mjadala. Mapezi ya kondensa ya mtumba yamelala, yameziba matope ya nchi nyingine, na za zamani ni za bomba moja linalojikunja kama nyoka. Kondensa bapa ya sasa, yenye vijia vingi vinavyokwenda sambamba, inatoa joto vizuri zaidi kwa eneo lilelile. Chukua kubwa kuliko zote zinazoenea mbele ya rejeta. Gesi ya R134a inadai kondensa kubwa kuliko ile R12 ya zamani ilivyodai.

Draya: mpya, na isizibuliwe mpaka siku ya kufunga. Ndani yake kuna chembe za kunyonya unyevu, na draya ya mtumba imekaa wazi mezani ikinyonya hewa ya masika mawili. Ni kama kununua sponji iliyokwishalowa.

Mabomba: mapya pia. Molekuli ya R134a ni ndogo kuliko ya R12 na inapenya kwenye mpira wa zamani taratibu, unajaza gesi Januari, Aprili haipo.

Boksi la evaporeta ndipo magari yangu mawili yalipoachana. Boksi la Toyota limeumbwa likae nyuma ya dashibodi ya Toyota. Kwenye Land Rover nyuma ya dashibodi kuna bati tu, kisha injini. Kwa hiyo langu ni boksi jipya la kuning'inia, linagusa goti la abiria wa katikati, na mke wangu amelibatiza jina ambalo silirudii hapa. Kwenye 504 mambo ni tofauti. Kiwanda chenyewe kiliuza baadhi yake zikiwa na AC, nafasi ipo, na shemeji alipenyeza boksi la mtumba ndani bila kukata dashibodi. Ukikaa kwenye gari lile huoni kitu kigeni zaidi ya kitufe kimoja. Kwa anayejali gari libaki na sura yake ya kuzaliwa, hilo ni jambo kubwa kuliko bei.

Kuhusu bei nisiwe muongo: za kwangu ni za kwangu na soko hubadilika. Mseto wangu, kompresa ya mtumba na vingine vyote vipya, ulinimeza laki tisa na elfu themanini pamoja na kufunga, bila kuhesabu chai. Jirani aliyenunua katoni zima kwa ajili ya Mercedes W123 yake alilipa zaidi ya mara mbili ya hapo. Tofauti yetu ni muda. Yeye lilikamilika kwa siku tatu, mimi wiki tano.

Wiki mbili kati ya hizo zililiwa na breketi. Hakuna duka linalouza breketi ya kushikia kompresa ya Denso kwenye injini ya Land Rover. Inapimwa kwa kadibodi, inakatwa kwenye bati nene la milimita nane, inachomelewa, inajaribiwa, inakatwa tena. Puli ya kompresa ikitofautiana na puli ya kranki kwa milimita mbili tu, mkanda unalia, kisha unajigeuza, kisha unaruka. Fundi wangu wa kuchomelea alipiga rula ndefu juu ya puli zote mbili, akafumba jicho moja. “Mzee, hapa tumekosa kwa unene wa kucha.” Akaing'oa yote, tukaanza upya. Fundi wa namna hiyo mlipe bila kusumbua.

Ile habari ya inchi ishirini na sita

Kabla ya kujaza gesi, mfumo unavutwa hewa yote kwa pampu ya vakyumu, nusu saa kwenda juu, ili unyevu uchemke utoke. Fundi wa kwanza niliyempelekea, gereji yake siitaji, aliwasha pampu na kutazama geji. Mshale ukashuka, ukashuka, ukagoma kwenye 26.

“Bosi, mfumo wako unavuja. Inatakiwa ifike ishirini na tisa.”

Siku tatu alitafuta tundu. Alibadilisha oringi, akakaza kila nati, akalaumu evaporeta, mwishowe akalaumu pampu yake mwenyewe na kunidai nichangie mpya. Tundu halikuwepo. Ile 29 na ushee ni ya usawa wa bahari. Geji inapima tofauti kati ya ndani ya mfumo na hewa ya nje, na hewa ya Dodoma kwa urefu wetu ina mgandamizo wa kama inchi 26 za zebaki. Ukitoa hewa yote mpaka ya mwisho, mshale hauwezi kupita hapo. Kinachoonyesha kuvuja ni kingine: zima pampu, funga valvu, nenda kanywe chai. Ukirudi baada ya nusu saa mshale ukiwa palepale, mfumo umeziba. Ukiwa umepanda, tafuta tundu.

Gesi yenyewe iwekwe kwa mizani, siyo kwa kukisia kwa jicho. Seti nyingi za aina hii hula gramu 600 hadi 900 za R134a. Na uuone mtungi unaotoka. R22 ya friji na viyoyozi vya nyumba si mbadala: kwa nyuzi 40 mgandamizo wake unazidi wa R134a kwa karibu nusu nzima, na mabomba ya gari hayakufungwa kwa ajili hiyo. Kama gari lako lilitoka kiwandani na AC ya R12, usikubali mtu aongeze R134a juu ya oili ileile. Oili ya madini ya zamani haichanganyiki na gesi mpya, kompresa inakauka, inakufa. Isafishwe yote, iwekwe oili ya PAG au esta, draya mpya.

Cha umeme

Kuna viyoyozi vya volti 12 na 24 vya kufunga juu ya paa, madereva wa malori wanavipenda kwa sababu vinafanya kazi injini ikiwa imezimwa. Kwenye lori sawa. Kwenye gari la zamani la volti 12, kimoja kinavuta ampea 50 hadi 80 kikiwa kimekaza. Altaneta iliyokuja na Series III yangu ni Lucas 16ACR, ampea 34 tu, na hizo ni kabla hujawasha taa na waipa. Utabadilisha altaneta, betri, nyaya nene, kisha utoboe paa. Na nguvu bado inatoka kwenye injini ileile, imepitia tu njia ndefu inayopoteza nyingine njiani. Sikuona sababu.

Cha maji

Hiki wengi wanakicheka, na mimi nilikicheka, mpaka nilipokumbuka mtungi. Maji ya mtungini yanapoa kwa sababu mtungi unatoa jasho na jasho likikauka linachukua joto. Wazee wa safari walikuwa wanafunga mfuko wa turubai wenye maji mbele ya bampa la Land Rover kwa akili hiyohiyo. Na Wamarekani wa majangwani miaka ya 1950 waliuziwa mapipa madogo ya kufunga dirishani, upepo unapita kwenye pedi yenye maji na kuingia ndani ukiwa baridi.

Kinachoamua ni ukavu wa hewa. Tuseme mchana una nyuzi 31 na unyevu asilimia 30: kikomo cha kupoa kwa maji ni kama nyuzi 19, na pedi ya kawaida itakupa hewa ya 23 hivi. Chukua nyuzi hizohizo 31 pwani, unyevu asilimia 75: kikomo ni 27, unapata hewa ya vuguvugu iliyolowa. Chombo kilekile ambacho Dar ni mzaha, hapa kuanzia Julai mpaka mvua za kwanza kinafanya kazi kweli. Kompresa haipo, gesi haipo, kinatumia feni na pampu ndogo tu, ampea chache.

Sasa dosari zake. Lazima kioo kimoja kiachwe wazi kidogo, hewa itoke, la sivyo ndani panakuwa bafu. Desemba mvua zikianza hakina maana. Pedi inanasa vumbi, jambo jema, lakini inaligeuza tope, na kwenye barabara ya vumbi kutoka Chemba kwenda Kwa Mtoro niliifua mara mbili kwa safari moja. Na maji yetu ya chumvi! Kila anayeishi hapa anajua sufuria zinavyoota ukoko mweupe. Pedi nayo inaota, na ikishaota hainyonyi. Maji ya mvua yaliyohifadhiwa yanasaidia.

Kwa gari la Jumapili, linalotoka Area D kwenda kanisani na kurudi, ningechukua hiki kabla ya kukata breketi yoyote. Au nisichukue kitu. Land Rover za kitropiki zilikuja na paa la pili juu ya paa, hewa inapita katikati na bati la ndani haliungui. Ukilipata hilo paa popote, lishike. Ongeza sponji ya kuzuia joto kwenye ukuta unaotenganisha injini na miguu, maana kwenye magari haya sehemu kubwa ya joto la ndani haitoki juani, inatoka kwenye injini na sailensa.

Rejeta haikwepeki

Ukichagua AC ya gesi, ya mtumba au mpya, kondensa inakaa mbele ya rejeta na kuipulizia hewa ya moto. Kwa urefu wa Dodoma maji yanachemka kwenye nyuzi 96, si 100, na kinachoyazuia ni mfuniko wa rejeta wenye springi nzima. Mfuniko uliochoka ni bei ya soda chache. Ubadilishe. Rejeta yenyewe, kama imenyweshwa maji ya bomba miaka arobaini, ndani ina ukoko kama wa birika, ipeleke ikafunguliwe ichokonolewe, kisha weka kulanti na si maji.

Feni ya umeme mbele ya kondensa ni lazima kwenye Land Rover. Kwenye 504 kuna mtego mwingine. Feni yake ina klachi ya sumaku, haishiki mpaka injini ipate moto. Shemeji alikuwa anapata baridi safi barabarani, akifika kwenye mataa baridi inakufa, kompresa inakata. Tuliwasha gari uani, boneti wazi, tukasikiliza: kompresa inashika, feni imesimama kama mgeni asiyekaribishwa. Kondensa haikuwa inapata upepo, mgandamizo ukapanda, swichi ya usalama ikakata. Rilei moja, waya wa mita moja unaoshikisha feni kila kompresa inaposhika, kwisha kazi. Wenye magari ya Kiingereza ya kabla ya 1967 hivi watazame kwanza betri: mengi bodi imeungwa kwenye chanya cha betri badala ya hasi, na feni ya umeme ukiiunga kwa mazoea itazunguka kinyume na kusukuma hewa mbele.

Kwa hiyo anayeendesha kila siku kwenda Mji wa Serikali kule Mtumba na mara kwa mara Dar, na gari lake lina nafasi nyuma ya dashibodi kama 504 au W123, ningemwambia afanye mseto: kompresa na boksi vya mtumba vilivyokaguliwa, kondensa na draya na mabomba vipya. Asiye na fundi wa kuchomelea anayemwamini anunue katoni zima na alale usingizi. Mwenye Volkswagen Beetle, ambayo haina hata rejeta ya kuwekea kondensa mbele yake, na injini iko nyuma, aanze na cha maji.

Langu sasa lina msimu wa pili. Jana usiku nilirudia zile tochi tatu. Zimebaki sehemu nne, moja ikiwa tundu la ufunguo.